Mkaguzi Aliyesikia Kila Neno

Nimewahi kuomba msaada kwa sauti kubwa, nikasikika vizuri kabisa, nikaambiwa nirudie kazi.

Mimi ni fundi madirisha. Siamini mikosi, naamini vipimo. Siku ile vipimo vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu.

Mteja alikuwa mkaguzi mstaafu wa shule, mzee ambaye hata salamu yako aliitafutia kasoro. Kelele za barabarani zilimchosha, kwa hiyo nilimbadilishia dirisha na mlango wa chumba chake cha kusomea. Kioo alitaka kile kizito kisichovunjika, ili kuwakomoa wezi.

"Fundi, ukimaliza, jifungie ndani upige kelele," aliagiza. "Sema lolote. Mimi nitakaa nje ya dirisha. Nisiposikia kitu, kazi imepita."

"Sawa, mzee."

Nikajaza povu la kuzibia mianya kuzunguka fremu zote mbili. Povu hilo huvimba kabla ya kukauka, na fundi mwenye akili hukaza kwanza fremu kwa vipande vya mbao ili lisizipinde. Vipande vyangu vilikuwa kibarazani, pamoja na nyundo na simu. Nikaona uvivu kuvifuata.

Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nikasubiri.

Povu likavimba.

Nilipotaka kutoka, mlango ulikataa. Dirisha nalo likakataa. Fremu zilikuwa zimepinda kwa ndani na kuvibana vyote viwili. Harufu kali ya povu ikanijaa kifuani, kichwa kikaanza kuzunguka. Chumba hakikuwa na tundu. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe.

"Mzee! Nimekwama! Fungua!"

Mzee akatikisa kichwa pale kitini. Sauti yake ikanifikia kwa mbali: "Bado nakusikia! Ziba tena!"

"Nakosa hewa!"

"Hata hiyo nimeisikia! Neno kwa neno!"

Mkewe akatokea na beseni la nguo. "Baba, huyu mtu anaomba msaada."

"Anafuata maagizo, mama. Tena anaigiza vizuri."

"Mzee, nakufa, kweli tena!"

"Sasa unazidisha chumvi!" Akainuka, akaelekeza fimbo kwenye pembe ya chini ya fremu. "Sauti inapenyea hapo!"

Nikapiga magoti. Kweli, povu lilikuwa limeruka nafasi ya upana wa kidole. Nikabandika mdomo hapo, nikavuta hewa. Pumzi ya kuishi na pumzi ya kupiga kelele hazikutosha kwa pamoja, kwa hiyo nikanyamaza.

"Naam!" mzee akashangilia. "Imepita!"

Akaja kunipa mkono wa pongezi. Kitasa kikazunguka, mlango haukusogea. Akausukuma kwa bega mara mbili.

"Nilikuambia nini, baba?" nikamsikia mkewe.

Waliuvunja kwa nyundo yangu mwenyewe. Nilitoka kwa magoti, machozi na makamasi yakinitiririka.

Mzee akanitazama kwa ghadhabu ya mtu aliyedanganywa.

"Sasa fundi, kwa nini hukusema kwamba umekwama?"

Tangu hapo mbao hukaa mahali pake kabla sijagusa povu. Na mteja akitaka jaribio la kelele, tunapatana kwanza: nikisema nakufa, aniamini. Wengi hucheka.

Nawaomba watie sahihi.