Kamba Ndani ya Kitabu Changu cha Kutisha

Jamani, leo nimetapika kwa sababu ya kitabu.

Ni ule mkusanyiko wangu wa hadithi fupi za kale, za majumba yaliyooza na maiti wasiokubali kulala. Nimeusoma mara nne!

Mwezi uliopita nilimwazima kitabu hicho shangazi yangu wa Mkomani. Asubuhi hii amekirudisha, amekifunga kwa leso.

Nikakifungua mbele yake.

Kamba! Kamba mzima wa baharini, kichwa kimepondeka, majimaji yake meusi yamegandisha kurasa sita za hadithi niipendayo kuliko zote. Na ule uvundo, astaghfirullah. Nikakimbilia chooni.

Kurudi, namkuta shangazi amejiinamia.

"Nilikuwa naambua kamba wa pilau huku nasoma," akasema. "Ule mkono wa maiti hadithini ulipotoka ukutani, nikafumba mato, nikakifunga pu! Tangu siku ile, wiki tatu sasa, sikuthubutu kukifungua."

"Wiki tatu, shangazi?"

"Mwanangu, ule mkono si umo humo bado!"

Nilitaka kugomba, nikashindwa. Mimi mwenyewe nilipoufikia mkono ule mara ya kwanza, nilikirusha kitabu uani.

Sikitupi. Nimekianika kibarazani, nimeziba pua, nafukuza paka wa mtaa mzima.

Uvundo wa kamba hutolewaje kwenye karatasi? Nisaidieni, nakaribia kutapika tena.