Msiniunge Mkono, Nijibuni

Nakumbuka vizuri, mjukuu wangu, Jumapili ile nilipoanika mawe ya redio yangu ya kanda juani yapate nguvu kidogo, ili nisikie sauti za watu ambao sikuwahi kuwaona. Wewe leo unajadiliana na wanachuo wenzako kwa simu, umejinyoosha kwenye kochi langu. Sisi miaka ya tisini tulijadiliana kwa kanda.

Nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza hapa Isebania bila kusomea ualimu, na siku yoyote ningeambiwa nifunge virago. Nikajiunga na masomo ya mbali. Mkufunzi wetu wa Homa Bay alirekodi swali kwenye kanda, ikazunguka kwa wenzetu wa huko, ikaja Rongo, Uriri, mwisho kwangu mpakani. Kila mmoja alisikiliza, akaongeza maoni yake, akampa msafiri ampelekee mwenzake. Aliyenyamaza au kurudia tu ya wenzake aliondolewa masomoni. Mimi nilikuwa nimeshaonywa.

Swali lilikuwa hili: darasa la kwanza lifundishwe kwa lugha gani? Wa kwanza kujibu alikuwa Mwalimu Okello wa Homa Bay, mwalimu mkuu wa miaka mingi, mkubwa wetu sote kikundini. "Lugha ya mama," akasema kwa sauti nzito. "Basi." Waliofuata, lo! Ungedhani wako matangani: salamu kwa wazee, salamu kwa kina mama, shukrani kwa Mungu, halafu, "Naunga mkono aliyenitangulia." Kanda inakwisha na hakuna jambo lililosemwa.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Darasani mwangu kulikuwa na Wakuria, Wajaluo, Wakisii, na watoto waliovuka kutoka Sirare, upande wa Tanzania. Mama yupi huyo sasa? Nikifundisha kwa Kikuria, nusu ya darasa inanitazama tu. Lakini wakitoka nje kucheza, wote wanagombana kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kuvunja mbavu.

Mume wangu Chacha akanisikia nikijaribu maneno. "Utampinga mzee wa watu kwenye kanda, na hata uso wako haujui?"

"Simpingi. Namwambia ya darasani kwangu."

"Na akikasirika?"

"Nikinyamaza nafukuzwa, Chacha!"

Nikabonyeza redio ianze kurekodi. Salamu moja tu. "Mwalimu Okello," nikasema, "umesema lugha ya mama, nami nakubali kwamba mtoto huelewa upesi kwa lugha anayoijua." Nikamweleza darasa langu, na jinsi nilivyojaribu kuhesabu kwa Kiswahili, mikono ikainuka hata ya wale waliokuwa wakikaa kimya nyuma. Nikamalizia, "Ungekuwa hapa kwangu, mwalimu, ungeanza na lugha ipi?" Nikaichomoa kanda kabla woga haujanirudia.

Ilikawia kurudi. Nilikonda, mwanangu, usicheke. Iliporudi, sauti ya kwanza ni ileile nzito.

"Nyar Kuria, binti wa Wakuria, nimekusikia. Mimi nimefundisha maisha yangu yote mahali ambapo kila mtoto anasema Kijaluo. Hayo ya mpakani sikuyajua. Ningeanza na hicho Kiswahili chao cha uwanjani. Na nyinyi wengine, msiniunge mkono tena, nijibuni! Mnanimalizia mawe ya redio bure. Swali lijalo, aanze huyu binti."

Nilimkumbatia Chacha mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halifanywi kabisa! Naye Chacha, yule yule mwoga, akairudisha kanda nyuma na kuwaita majirani wasikie mke wake akitajwa Homa Bay. Nilijivuna, sifichi. Nilimaliza masomo, nikapata cheti, na mshahara wa ualimu huo ndio uliomsomesha mama yako.

Sasa jana nimekuona ukimwandikia mwenzako "nakubaliana nawe", ukaiweka simu chini. Hapana, mwanangu. Soma alichosema mpaka mwisho. Mtaje kwa jina, mwonyeshe lile neno lake lililokugusa, kisha mpe la kwako uliloliona kwa macho yako, hata kama unadhani ni dogo. Mkitofautiana, mheshimu kama aliyeketi mbele yako. Na umwachie swali, apate sababu ya kurudi kwako.

Mungu akupe ulimi wenye adabu na moyo usiotetemeka, na watu wasiowahi kukuona uso waseme, "Aanze huyu."