Pazia la Maua Ukumbini mwa Bodi

Asubuhi ya usaili wa mama nilitundika pazia la chumbani kwake katikati ya ukumbi wa bodi. Lile la maua mekundu, alilolinunua dukani Makandana kwa ajili ya wageni wa harusi ya shangazi. Nikalifunga kwa kamba ya katani kutoka nondo za dirisha hadi kwenye nguzo, nikarudi nyuma kulitazama, nikacheka peke yangu kama mwehu. Upumbavu wenyewe ndio huo, nausema mapema tumalizane.

Mama alikuwa meneja wa ununuzi wa majani kwenye ushirika wetu wa wakulima wa chai. Yeye ndiye aliyejua lori gani limekwama kwenye tope na mkulima gani ameyamwagia majani maji ili yazidi uzito. Mkurugenzi mtendaji alipostaafu, mama akaiomba nafasi ile, na aliitaka kwelikweli. Balaa ni kwamba mwenyekiti wa bodi ni babu, baba yake baba. Na kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakai uso kwa uso na baba mkwe. Mama akimwona babu anakuja njiani, anaiacha barabara na kugeukia migombani. Babu akija kwetu Bulyaga, mama anatokea mlango wa jikoni, na chakula nampelekea mimi. Kwenye umeneja hilo halikuwa na shida, maana ripoti zake zilipelekwa bodini na bosi wake. Lakini mkurugenzi anaingia bodini mwenyewe.

Mpinzani wake, mhasibu mkuu, alishikwa na huruma ya ghafla. Kwa wakulima anasema, "Mama yule mila itambana, maskini." Kwa wajumbe wa bodi anasema, "Yule atabebwa na mkwewe." Yaani mzee mmoja huyohuyo ndiye amzuie, na ndiye ambebe mgongoni. Wazee wa bodi wakaamua babu atoke nje wakati wa usaili wa mama. Mhasibu akauliza kwa upole wa fisi: "Leo atatoka, sawa. Na vikao vyote vijavyo?"

Swali hilo lilimfikia mama, na chakula cha jioni hakukigusa. Mimi, badala ya kumpa pole, nikapata wazo la pazia. Shule tulikuwa tumefunga, na mama alikuwa ameniomba nikamfungie projekta ukumbini. Ufunguo ninao, nani wa kunizuia?

Wajumbe waliingia, wakaduwaa. "Humu kuna mgonjwa?" mmoja akauliza. Mhasibu, aliyekuwa ameshasailiwa ofisi ya pembeni lakini hajabanduka, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama ametafutiwa pa kujificha! Haya, mila imepata ofisi."

Mara mama akatokea mlangoni. Babu, ambaye alikuwa hajatoka bado, palepale akageuzia uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama akalitazama pazia lake, akanitazama mimi. Nikajua leo nimekwisha.

Kisha akamgeukia makamu mwenyekiti. "Mwambieni mwenyekiti, mila inasema tusitazamane. Nani akae nyuma ya pazia, haijasema. Mimi nina picha za kuonyesha ukutani. Yeye anahitaji masikio tu."

Babu alisimama vilevile, mgongo wake tu ndio tunauona. Halafu akanyoosha mkono, akakishika kiti chake mwenyewe, akakiburuta hadi nyuma ya maua mekundu.

"Nileteeni na chai yangu huku," akasema.

Mama akaeleza mambo ya malori, majani yanayochachia njiani, mkulima wa kule Masoko anayesubiri gari mpaka jua linazama. Mjumbe mmoja, aliyesinzia tangu mwanzo, akazinduka na swali zito. "Sasa mama, ukisafiri kikazi, mumeo atakula nini?" Mhasibu hakuulizwa mkewe atakula nini. Labda mkewe hali.

Kabla mama hajajibu, maua yakaongea. "Mwambieni mjumbe, huyo mume ni mwanangu. Nilimzaa akiwa na mikono miwili. Swali lingine."

Kura babu hakupiga, alitoka nje akakae na walinzi. Mama akapita kwa tofauti ya kura moja. Mhasibu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Hongera, mama. Pazia limekusaidia." Mimi nikakimbilia kijiwe cha bodaboda kusimulia, na kila nikirudia, pazia linazidi kuwa kubwa na mama anazidi kuwa mdogo. Kabla jua halijazama, mama wa maandazi sokoni Tukuyu ananisimulia mimi habari yangu mwenyewe.

Nikarudi ukumbini kifua mbele. Mama alikuwa amepanda juu ya kiti, anafungua fundo la kamba. Nikamwambia, "Mama, bila mimi leo ingekuwaje?"

Akashuka kwanza. Alichosema ni hiki, neno kwa neno: "Miaka yote nimepima majani ya watu kwenye mvua, leo mji mzima unasema nimepewa ukurugenzi na pazia. Na anayewaambia hivyo ni mwanangu. Vikombe vya bodi viko pale mezani. Kavioshe."