Mlenda wa Kilima cha Mama

Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunapanda milima: walimu, wauguzi, watu wa maofisini, na mimi wa mtaa wa Makole, mwanangu mgongoni. Tunatembea, tunaokota taka, mvua zikianza tunapanda miti. Nilikipenda kile kikundi, sitadanganya. Tangu nijifungue, hapo tu ndipo nilipokuwa napumua.

Mimi ndiye niliyewapeleka kwenye kilima cha kijijini kwetu, upande wa Makutupora. Mama alituonyesha njia, akatuonyesha na mlenda pori, mboga anayoichuma huko juu tangu hajaolewa. Kiongozi wetu, dada niliyemwamini kuliko ndugu, aliula na ugali wa uwele mpaka akalamba vidole.

"Mama, mimi sirudi mjini. Nipe shamba!"

"Ukitaka na mume nikutafutie," mama akamjibu, wakacheka.

Kabla hatujaondoka ikapita karatasi ya mahudhurio. Kila safari huwa tunasaini. Mtoto analia, nikasaini, sikusoma.

Mvua zilizofuata mama akakuta kibao kilimani: Usikate, usilishe, usichume. Mlinzi aliyewekwa pale akamwaga mlenda wake chini. Alipokwenda kwa mtendaji wa kijiji akaonyeshwa barua ya kikundi chetu ikiomba kilima kifungwe, na majina ya waliounga mkono. La tatu ni langu. Mama anajua kusoma.

Nikampigia dada simu. "Umetumia mahudhurio yetu?"

"Mdogo wangu, juu ya karatasi si paliandikwa ni ya nini? Tena tunamlindia mama yako kilima chake."

"Mnakilinda dhidi ya nani? Yeye ndiye alikuwa anawafukuza wenye mashoka!"

"Watu wanang'oa mpaka mizizi."

"Mama anachuma majani. Na wewe uliyala!"

"Usipaniki bwana. Hifadhi ni hifadhi."

Nikakata. Kwenye kikundi nikatoka siku hiyohiyo. Nikaenda kwa mtendaji jina langu lifutwe, akaniambia niandike barua. Nimeandika mbili. Kibao bado kipo.

Juzi nilikwenda kumsalimia mama. Nikakuta mlenda mbichi umeanikwa kwenye mkeka, mwingi.

"Mama, huu umeuchuma wapi?"

"Kuna mahali."

"Wapi?"

Akainama, akawa anageuza majani polepole, upande huu, upande ule.

"Mnyonyeshe mtoto," akasema. "Ana njaa."