Sentensi niliyoimeza kwenye chumba cha upasuaji

Leo mama mdogo aliamini amekatwa mkono, na kosa ni langu.

Aliuvunja jana sokoni Mahoko. Daktari mgeni anajua Kifaransa tu, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Alimchoma sindano ya ganzi kwapani, akaniagiza: "Mwambie mkono utapotea kabisa, lakini jioni utarudi."

Mnajua nilivyo na aibu. Mbele ya wauguzi wote wale, nilisema tu: "Hutasikia maumivu."

Akiwa macho, nyuma ya shuka lililomficha mkono, mama mdogo alijaribu kukunja ngumi. Hakuna kitu.

"Mukono yangu iko wapi? Wameikata? Sema, mutoto wangu!"

Daktari akasimamisha kazi. Nikakiri kwa lugha zote mbili.

Amenisamehe, ila kwa sharti nisiuachie mkono wake mpaka ausikie tena.

Ninaandika kwa mkono mmoja.