Kofia ya Kuku

Babu Gundi alikuwa na sheria moja kwenye chumba cha watoto cha maktaba, na aliishika kwa miaka ishirini na sita: mtoto akiuliza swali juu ya kitabu, ukurasa unaofuata haufunguliwi mpaka swali lipate jibu. Na jibu la "hiyo ni hadithi tu" lilikuwa marufuku. Kwake huo ulikuwa uongo wa watu wazima wenye haraka.

Kusoma hakukuwa kazi yake hasa. Aliajiriwa kutengeneza vitabu vilivyochakaa. Siku tano za juma alijifungia chumba cha nyuma na kopo lake la gundi, sindano nene, uzi uliopakwa nta, na matofali mawili aliyoyavika magazeti ili yakandamize majalada. Vidole vyake vilikuwa na ukoko wa gundi usiosikia sabuni, ndipo watoto wakampa jina. Jumamosi asubuhi alitoka, shati safi mwilini, akaketi kwenye kiti kilichomfikisha magoti kidevuni, akawasomea watoto vitabu vya picha. Alianza siku msomaji wa zamu alipougua. Msomaji alipopona, alikuta nafasi imejaa.

Wazazi wengi huwasomea watoto huku akili iko jikoni. Yeye alisoma kama hakimu anayepitia mashtaka. Kulikuwa na kitabu cha samaki anayekwenda shule na mwavuli. Watu walikuwa wamekisoma miaka na miaka bila kushtuka, mpaka mtoto mmoja akauliza, "Babu, samaki anaogopa kulowa?" Watoto walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Babu Gundi alivua miwani, akafikiri, akasema, "Huyu ana mwavuli kwa sababu wenzake wanayo. Hata watu wazima wako hivyo." Kisha akafungua ukurasa.

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha kuku anayewashonea wanyama wenzake kofia. Wazazi wa mji ule walikua nacho. Aliyekiandika na kukichora, mwalimu mstaafu wa miaka themanini, alikubali kuipa maktaba michoro yake ya asili, kumi na minne, aliyoipaka rangi kwa mkono wake. Alitaka jambo moja tu: kabla ya kuikabidhi, asikie kitabu kikisomewa watoto.

Mkuu wa maktaba, mwanamke wa rika la binti yake Babu Gundi, alimfuata chumba cha nyuma.

"Mzee wangu, Jumamosi hii maswali hapana. Unasoma, wanapiga makofi, tunapokea michoro, tunakunywa soda."

"Na mtoto akiuliza?"

"Mwambie utamjibu baadaye."

"Baadaye ndiyo lini?"

"Baba, usinifanyie hivyo. Yule bibi nimembembeleza mwaka mzima."

Babu Gundi alibandua gundi kwenye kidole gumba. "Nitasoma vizuri," alisema. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Jumamosi chumba kilifurika. Bibi mwandishi aliketi mbele, mkoba wa michoro magotini. Babu Gundi alisoma vizuri kweli. Kuku akamshonea bata, akamshonea punda, akamshonea mbuzi na mbwa mzee. Kwenye ukurasa wa mwisho mvua inanyesha, wanyama wote wamevaa kofia, na kuku yuko katikati anatabasamu. Wazazi walikwisha kuinua mikono wapige makofi.

"Babu," alisema binti wa miaka sita, pengo mbele, aliyekaa miguuni pake. "Kofia ya kuku iko wapi?"

Mkuu alikohoa. Babu Gundi aliinamia picha. Ukurasa ule alikuwa ameushona mara saba kwa mikono yake. Alijua uzi umepita wapi, alijua doa la chai liko kona gani. Lakini hakuwahi kuona kwamba kuku analowa.

"Hana," alisema.

"Kwa nini hana?"

"Sijui, mjukuu wangu. Tutafute."

Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na watoto wakasimama wote, vidole mbele. Bata alikuwa amemruka punda kwenye foleni. Mbwa alipokea kofia bila hata kusema asante. Halafu mmoja akapiga kelele, "Babu, mbuzi kapanga foleni mara mbili! Ona, ile kofia ya kwanza anaitafuna!"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Akina baba walioletwa pale na wake zao walisogea kuangalia. "Loo, kweli! Mbuzi tapeli huyu!" alisema mmoja. "Na mimi nimelelewa na hiki kitabu!"

Bibi mwandishi hakucheka. "Nilitaka kuwafundisha kutoa," alisema.

"Lakini mbuzi alikuwa nayo tayari, bibi," alisema yule binti kwa adabu zote.

Bibi alifunga kamba za mkoba. "Miaka arobaini hakuna aliyenichekea kitabu changu. Leo mmenifanya mjinga mbele ya watoto." Akamwita mwanawe amrudishe nyumbani, na michoro ikaondoka naye.

Jumapili Babu Gundi alimwandikia barua. Aliomba radhi bila kujitetea: alikuwa amemhuzunisha mgeni, na kosa lilikuwa lake. Akamweleza pia kwamba hakuna kitabu kilichofika mezani kwake kimechanika mara nyingi kama kile, na kwamba watoto hawachakazi wasichokipenda.

Mkewe aliisoma. "Nzuri, baba watoto. Mbona hujasema mtoto alikosea?"

"Kwa sababu hakukosea."

"Utakula huo msimamo?"

"Ukiupika wewe, nitakula."

Jumatatu mkuu naye aliisoma. "Nimeongea na bibi," alisema. "Anataka sentensi moja tu: kwamba swali la yule mtoto lilikosa adabu. Na Jumamosi umwambie mtoto mwenyewe, mbele ya wenzake. Michoro itarudi."

"Kumhuzunisha mgeni ni kosa langu, nimeliandika. Swali halina kosa."

"Sentensi moja, baba!"

"Ana miaka sita, mkuu. Nikimwambia leo kwamba kuona ni utovu wa adabu, akifika ishirini nani atamfumbua macho?"

"Basi Jumamosi atasoma mtu mwingine."

"Sawa, binti yangu."

Wapo waliomwita mkaidi. Mkaidi hulinda heshima yake mwenyewe. Huyu alilinda ya mtoto wa watu, tena mtoto ambaye hakumjua hata jina la baba yake. Wengi wetu tungeandika ile sentensi, tukaita busara.

Barua ilikwenda bila sentensi ile, na haikujibiwa. Michoro yote kumi na minne ilipewa maktaba ya mji mwingine. Babu Gundi alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliimaliza chumba cha nyuma, na hakuwasomea watoto tena hata Jumamosi moja.