Vidole vya Mama Baada ya Kukatwa Rovu

Rovu, uvimbe ule wa tezi ya shingo, mama alikuja nalo Temeke kutoka milima ya kusini, na lilipokatwa hospitalini tulidhani hofu imekwisha. Siku ya pili tangu arudi nyumbani, Jumapili mchana, alisema midomo inamtambaa kama ina sisimizi. Kisha mkono wake wa kulia ukapinda kwenye kifundo, vidole vikakutana nchani, gumba likajibana katikati. Ulikuwa mkono wa mtu anayechukua tonge.

Mama mwenye nyumba wetu, Mzaramo aliyetulea kama nduguze, aliutazama akashika kiuno.

“Huyo si yeye. Pepo huyo, anaomba kula. Hamuoni tonge? Mwandalieni chano chake cha vyakula.”

“Kama ana njaa ale,” mama akajibu kwa sauti iliyokwaruza, “lakini aniachie mkono. Nina nguo za kufua.”

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa woga. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, nikisomea biolojia, na nilikuwa nimezichora kwa kalamu tezi nne ndogo kama punje za mchele zinazojibanza nyuma ya tezi ya shingo. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Ikipungua, hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake, figo zisiipoteze, na utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Zikinyamaza, neva huchachamaa na misuli hujikaza yenyewe. Je, kisu kilichoondoa rovu kilikuwa kimezigusa?

Ili nihakikishe, nilifunga khanga juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto, uliokuwa bado mzima, nikaikaza kuzuia damu. Dakika tatu hazijatimia, na huo nao ukachukua tonge. Nilipoifungua ukalegea polepole.

“Mwanangu, umemwamsha na wa pili!” mama mwenye nyumba akamaka.

Pumzi ya mama ilikuwa imeanza kupiga mluzi. Koo nalo ni misuli. Na saa nane ilikwisha kupita. Miaka ile ya uhaba wa mafuta, Jumapili baada ya saa hiyo, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani bila kibali. Kubishana kungetumaliza.

“Mama,” nikamwambia mwenye nyumba, “pepo huwa anakubali ahadi?”

“Anakubali, akiahidiwa na mtu mzima.”

“Basi muahidi wewe. Chano kesho, leo atupishe njia ya hospitali.”

Aliinama sikioni kwa mama, akaahidi wali, asali na ubani kwa sauti ya mtu anayepatana bei sokoni. Kisha akajitanda khanga, akatoka mbio hadi kwa balozi wa nyumba kumi, na hakuondoka pale mpaka alipopata gari na barua ya kuwaonyesha polisi.

Daktari alimdunga kalsiamu kwenye mshipa, taratibu mno, akisikiliza moyo. Mluzi ukakoma. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

“Huenda tezi zimezirai tu,” akaniambia. “Huenda zimekwenda na rovu. Tutajua kwa kungoja.” Akanionyesha jinsi ya kugonga shavu mbele ya sikio: mdomo ukiruka, kalsiamu imeshuka.

Tukangoja, kwa vidonge na maziwa ya kupanga foleni. Kila asubuhi kabla ya chuo nilimgonga mama shavuni, pumzi yangu nimeibana.

“Huchoki nawe,” alikuwa akisema, macho kayafumba. “Haya, gonga uende zako, utachelewa.”

Mdomo uliruka kidogo. Au nilidhani uliruka. Nikagonga tena.